Matairi ya Mama Koku

Mwezi uliopita, huko Butimba, nilisamehewa mbele za watu. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai la msiba, safu za nyuma, nikimsikiliza Josefati akisoma wasifu wa dada yake, Mama Koku, ambaye jeneza lake lilikuwa mbele yetu limefunikwa kitambaa cheupe. Josefati amezeeka, miwani inamteleza, lakini sauti ni ileile ya mwalimu anayetaja majina ya waliofeli. Alisoma shule alizopitia marehemu, kazi aliyofanya benki mpaka walipopunguzwa, halafu akafika kwenye biashara ya samaki. "Katika biashara hiyo," akasema, "dada yangu aliibiwa sana na dereva aliyemkaribisha nyumbani kwake kama ndugu. Lakini alimsamehe. Na kama dereva huyo yupo hapa leo, ajue kwamba alisamehewa." Watu wakaitikia amina. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akatikisa kichwa kwa uchungu, akaniambia, "Binadamu sisi!" Nikamjibu, "Kweli kabisa, mama." Ningesema nini? Husimami msibani ukaanza kubishana na marehemu kuhusu matairi. Basi nimekuja kubishana naye hapa, kwenye karatasi, nikiwa na hasira zangu zote na umri wangu wote.

Nilikozaliwa na aliyenizaa havihusiki. Inatosha kusema kwamba nilikuwa dereva wa lori la kiwanda cha kuchambua pamba huko Magu, kiwanda kikafungwa, na mimi nikabaki na leseni mfukoni. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila aliyepunguzwa kazi alikuwa anafungua duka, bucha au mashine ya kusaga, na Mwanza nzima ilikuwa inanuka sangara, kwa sababu viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa na wazungu wa Ulaya hawashibi. Mama Koku, kwa kiinua mgongo chake cha benki, alinunua pikapu ya dizeli iliyokwisha kuchoka kabla haijafika nchini. Akanitafuta mimi kwa sababu niliifahamu barabara ya Musoma, kila tuta na kila shimo. Alikuwa mjane, mwanamke wa Bukoba, mrefu, msafi, anayefunga kitenge chake vizuri hata saa za kupakua samaki. Akanipa chumba nyumbani kwake Kirumba, na chakula. Nilimheshimu sana mwanzoni, nisije nikaonekana namchafua tu kwa vile amekufa.

Chumba chenyewe kilikuwa kipande cha sebule kilichokatwa kwa ubao wa plaiwudi. Upande wangu kitanda, jerikeni la dizeli na kalenda ya mwaka uliopita. Upande wa pili meza ya kulia chakula, redio na Josefati. Kwa hiyo kila kilichosemwa mezani nilikisikia, na naamini walijua kwamba nakisikia. Miezi ya mwanzo hapakuwa na la kuficha. Nilikula nao. Ndizi za kupondwa na maharage, sangara wa kuchemsha mwenye mafuta juu ya mchuzi, na msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa kwao, Mama Koku alinipakulia kwa mkono wake mwenyewe, akanicheka jinsi ninavyowatazama kabla ya kutafuna. "Kula, Mabula! Hawakuumi, waitu, wamekwisha kukaangwa!" "Waitu" ndiyo "jamani" ya kwao Bukoba. Nilikuwa nakula huku nacheka. Nikikumbuka kicheko kile ndiyo nakasirika zaidi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Alfajiri naondoka na gari tupu na barafu kidogo kwenda mwaloni, upande wa Magu, kwenye ufuko wa wavuvi tuliokuwa tunanunua kwao. Pale kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika na hakuna aliyeuvunja: gari litakalogusa maji kwanza ndilo linalochagua samaki kwanza. Haikutosha kufika kijijini mapema. Ilibidi magurudumu ya mbele yaloe. Na njia ya mwisho ya kufika majini ilipita kwenye mbuga ya majaruba ya mpunga, udongo mweusi ule unaonata, ambao mvua ikinyesha unameza hata ng'ombe. Baada ya kupakia, narudi Mwanza mbio mpaka geti la kiwanda, ambako Mama Koku alikuwa amekwisha kushika nafasi kwenye foleni. Mkaguzi wa kiwanda hakuwa na maneno mengi. Alifunua mashavu ya samaki, akambonyeza tumboni kwa kidole. Kidole kikiacha shimo, samaki huyo amekataliwa, na mwenye mali anampeleka soko la Mwaloni, pale Kirumba, kumuuza kwa wakaanga samaki kwa bei ya kutia machozi.

Masika yalipoanza, pikapu yetu ikawa inakwama kwenye majaruba na wenzetu wanachagua samaki mbele ya macho yetu. Hapo ndipo Mama Koku alipoyanunua matairi. Kampuni moja ya kigeni iliyokuwa inamaliza kujenga barabara ilikuwa inauza vitu vyake kabla ya kuondoka, na yeye akarudi na magurudumu mazima manne, ringi na tairi, makubwa, yenye meno kama ya trekta. Fundi wake, Masatu, Mjita mmoja mwenye gereji ya wazi nyuma ya uwanja wa mpira, alitazama akasema yanaingia. Hayakuingia. Akazipiga kingo za madigadi kwa nyundo mpaka yakaingia. Pikapu ikanyanyuka juu, ukitaka kupanda lazima ushike mlango. Watu wa Kirumba wakatoka kuitazama. "Mama Matairi!" wakamwita, na yeye akafurahi, maana mjane aliyepunguzwa kazi si kila siku anashangiliwa barabarani. Masatu akaongeza kwamba tairi kubwa linakula njia, mzunguko wake mmoja ni sawa na mizunguko miwili ya dogo, kwa hiyo nitarajie kuwahi kuliko zamani. Mimi mwenyewe nilimwamini.

Kwenye tope, sina la kuyasema vibaya matairi yale. Tulipita majaruba wenzetu wakiwa wamezama mpaka ekseli, tukaloanisha magurudumu kabla ya mtu yeyote, tukachagua sangara wakubwa wanaopumua bado. Ila barabarani, mambo yakawa mengine. Gari lilikuwa halitoki. Nikiingiza gia ya tano, injini inaguna, inatoa moshi mweusi, na spidi badala ya kupanda inashuka. Nikirudisha ya nne, inajivuta kidogo halafu inachoka. Mwinuko wowote, hata ule ambao mtu wa baiskeli anaumaliza bila kushuka, nilikuwa naupanda kwa gia ya pili huku mabasi yananipigia honi na utingo wananizomea. Mshale wa spidi nao ukawa unaonyesha kidogo kuliko hata huo mwendo wenyewe, kwa sababu gurudumu kubwa linazunguka mara chache, na mshale unahesabu mizunguko. Hilo nililielewa baadaye sana. Wakati ule niliona tu mshale umelala, na niliyemwonyesha aliona hivyohivyo. Samaki waliochaguliwa kwanza mwaloni wakawa wanafika geti la kiwanda wa mwisho, wamelegea, na kidole cha mkaguzi kinaacha shimo.

Siku za mwanzo Mama Koku alilaumu gari. Masatu akabadilisha chujio la dizeli. Akafungua nozeli, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazirudisha. Akasema pampu imechoka, ikaletwa pampu nyingine. Akakaza klachi. Akalegeza breki, maana mimi mwenyewe nilidai kuna kitu kinakamata. Kila alipomaliza, alilipeleka gari kulijaribu kwenye barabara ya uwanja wa ndege, yeye na Mama Koku, likiwa tupu, na gari likaenda. Si kama risasi, lakini likaenda. Alipotoka kulijaribu mara ya mwisho alifunga mlango taratibu, akajifuta mikono, akamwambia Mama Koku mbele yangu bila hata kunitazama: "Mama, gari hili ni zima. Mimi nimemaliza kwenye injini. Labda sasa uangalie kwenye usukani." Mama Koku alinitazama namna benki wanavyoitazama saini wanayoitilia shaka.

Jioni hiyo nikiwa kitandani nilisikia upande wa pili wa ubao. Josefati alikuwa na sauti ya chini, ya kishule. "Dada, mtu anapakia samaki wazuri alfajiri. Anafika hapa mchana na samaki waliooza. Huko katikati kuna nini?" Mama Koku akasema kuna barabara. "Kuna Magu," akasema Josefati. "Kwao. Anasimama, anawauzia wenye hoteli wale wakubwa, anasubiri wamletee fedha, ndipo anaondoka. Halafu anasema gari halikimbii." Nilisubiri anitetee, kwa sababu nilikuwa nimekula naye, nimemchekesha, nimemsombea samaki usiku na mchana. Akasema, "Waitu, nilikuwa simfikirii hivyo." Akawasha redio. Kuanzia kesho yake nikaanza kupelekewa chakula chumbani. Sahani ilikuja na ugali na panki, ile mifupa na vichwa ambavyo kiwanda kinatupa baada ya kuondoa minofu, na mle sebuleni nasikia harufu ya ndizi. Panki si chakula kibaya, Mwanza nzima tulikula. Lakini ukiletewa na mtu anayekula minofu, unaambiwa jambo.

Nilimwomba apande na mimi. "Mama, tuondoke wote, turudi wote na mzigo, ujionee." Akasema nani atashika foleni. Akamtuma Josefati. Na siku aliyopanda Josefati, upepo ulikuwa umewachafulia wavuvi, nyavu zikatoka na samaki wa kuhesabika, hata nusu ya bodi hatukujaza. Tukarudi. Gari likavuka daraja la Simiyu bila manung'uniko, likapanda miinuko ya kuja Kisesa kwa gia ya nne, na mimi kwenye usukani nikawa nasali liharibike. Ndivyo ilivyokuwa, naomba mcheke. Nilikuwa naliomba gari liwe baya mbele ya shahidi, nalo likakataa. Tulipofika getini Josefati alishuka akanyoosha shati, akamwambia dada yake, "Nikiwepo mimi, gari linakimbia."

Lakini siku ileile ndiyo iliyonifungua macho. Kwa nini nusu mzigo likimbie na mzigo kamili lisikimbie? Masatu alilijaribu likiwa tupu, likaenda. Mimi asubuhi nalipeleka mwaloni tupu, linaenda. Nikalaza turubai chini, nikaingia uvunguni, nikakwangua tope kavu ndani ya madigadi ya nyuma. Bati lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa, na pembeni kumejaa unga mweusi wa mpira. Springi zilikuwa zinakaa zikielemewa, bodi inashuka juu ya matairi, na matairi yale makubwa yanasugua bati kutoka Magu mpaka Mwanza. Gari lilikuwa linasafiri limejikamata lenyewe. Na hata pale ambapo halisugui, injini ile kuukuu haikuwa na nguvu za kuyazungusha matairi ya ukubwa ule na tani ya samaki mgongoni kwa gia ya tano. Nilitoka uvunguni nikiwa na furaha ya mwendawazimu. Nikamwita Masatu. Akachungulia, akanyanyuka, akasema kung'aa kule ni kwa nyundo yake ya siku ile. Yeye ndiye aliyeyasifu matairi, yeye ndiye aliyeyafunga, yeye ndiye aliyeuza pampu. Angesema nini kingine? Siku iliyofuata nilipofika getini na mzigo nikamwomba Mama Koku aguse tairi la nyuma, linavyochoma. Maji ya samaki yalikuwa yanachuruzika pale chini. Hakuinama. "Kila tairi linalotoka safari lina moto, Mabula," akasema. "Na wewe nenda kapumzike, maana unasafiri sana."

Nimewaza kwa miaka kwa nini hakuinama. Sidhani ilikuwa kitenge. Akiinama akakuta ni kweli, basi matairi aliyoshangiliwa kwayo ndiyo yaliyokuwa yanamla, tena yeye mwenyewe ndiye aliyeyaleta. Akikuta ni mimi, basi ameibiwa, na kuibiwa hakuna aibu. Kati ya kukosea na kuibiwa, alichagua kuibiwa. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi, na kama kuna ndugu yake atakayesoma hapa akanuna, anune.

Nikaamua kumthibitishia kwa vitendo. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, mbuga imekauka na kupasuka, tairi la kawaida lingepita kwenye majaruba bila shida. Pale Magu kulikuwa na kijana mziba pancha, Masanja, kibanda chake kando ya barabara, tuliyefahamiana naye tangu siku za pamba. Nikamweleza jambo zima. Alisikiliza ameshika tama, akamwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane! Kwa hiyo wanakuita mwizi kwa ajili ya matairi?" Alikuwa na magurudumu ya kawaida ya pikapu kama yetu, ya mteja ambaye gari lake lilikuwa juu ya mawe. Akaniazima kwa siku moja. Asubuhi nikiwa tupu tukapiga jeki, tukafunga madogo, na yale makubwa akayapitishia mnyororo nyuma ya kibanda chake. Nikaenda mwaloni, nikajaza bodi mpaka turubai likakataa kufunga, nikarudi barabarani.

Sijawahi kuendesha vile tena. Gia ya tano iliingia ikakaa. Mabasi yaliyokuwa yananizomea niliyakuta yanashusha abiria Kisesa nikayapita. Nilikuwa naimba peke yangu ndani ya gari, nyimbo za kanisani na za baa, zote pamoja. Nilifika getini mkaguzi akiwa ndiyo kwanza anavaa mabuti, na Mama Koku hakuwa hata ameketi kwenye kigoda chake. Alikuja mbio. Akafunua turubai, akashika samaki wa juu, akashika wa katikati, akaingiza mkono mpaka chini kabisa kwenye barafu ambayo haijayeyuka. Mkaguzi akabonyeza, kidole hakikuacha kitu. Wote wakapita, hata mmoja hakurudishwa. Nikasimama pale natabasamu, nasubiri.

Mama Koku akafuta mikono kwenye kitambaa. Nilipomwona uso, tabasamu langu likaisha. "Kwa hiyo ulikuwa unaweza," akasema. "Siku zote hizi. Ukitaka kuwahi, unawahi."

"Mama, ni matairi," nikasema. "Nimebadilisha matairi. Angalia."

Akaangalia. Pikapu yake ilikuwa imeshuka, ya kawaida, kama pikapu ya mtu yeyote. "Matairi yangu yako wapi?"

"Magu, mama. Kwa Masanja, mziba pancha. Nilitaka ujionee kwamba—"

"Amekwenda kuyauza," akasema Josefati, aliyekuwa amesimama nyuma yake, kwa utulivu, kama anayesahihisha insha. Mama Koku akafungua mlango wa gari akapanda yeye mwenyewe, safari ambayo nilikuwa nimemwomba kwa miezi. Josefati akapanda. Mimi nikaendesha. Gari likakimbia mpaka Magu, na likiwa tupu halikuwa na la kunisaidia.

Tuliyakuta yote manne, yamefungwa mnyororo, hata tope la mwaloni halijatoka kwenye meno. Masanja akaamkia, "Shikamoo mama," akafungua kufuli. Nikageuka kumtazama Mama Koku, na nakiri nilikuwa bado na matumaini. Nilifikiri, sasa ataona. Mwizi gani anafunga mali ya wizi kwa mnyororo na kuionyesha? Mama Koku aliyatazama matairi muda mrefu, akayagusa kwa ncha ya kiatu, midomo yake ikachezacheza, na mimi nikaona kabisa kuna kitu kinataka kumtoka. Josefati akawahi.

"Hajapata mteja tu, dada."

"Yafungeni," akasema Mama Koku. Tukayafunga, mimi na Masanja, na nati zikawa zinaniponyoka. Nilipomaliza akanyoosha mkono nikampa ufunguo. Akampa Josefati, ambaye leseni alikuwa nayo ila hajawahi kuendesha kitu kilichobeba mzigo. Nguo zangu, akasema, nitazikuta kwa jirani. Nikamwambia, "Mama, likipakiwa litawakwamisha vilevile. Yeye ndiye atakayekuwa mwizi wako wa pili." Akapandisha kioo.

Josefati alitoa klachi vibaya, gari likaruka, halafu likashika barabara. Tulisimama na Masanja tukilitazama. Lilikuwa tupu, barabara tambarare, na matairi yale makubwa yakivuma kwenye lami. Likabadilisha gia, likaongeza, likampita mwenye punda, likaongeza tena, mpaka likawa dogo kule mbele kwenye mwanga wa mchana. Masanja, mtu pekee aliyejua kila kitu, aliyenishikia jeki kwa mikono yake, alikuwa amekunja uso. Akajikuna shingo.

"Kaka," akaniuliza, taratibu, asinikwaze, "mbona linakimbia?"